Printi ya sablimesheni inapauka ikifuliwa, shida nini?

Wakuu habari, naombeni msaada. Nachapa tisheti kwa sablimesheni, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi nahamishia kwenye nguo kwa hiti presi (mashine ya kubana kwa joto), nikibandua karatasi rangi inawaka vizuri tu ila mteja akifua mara moja printi imepauka kama nguo ya zamani. Joto naweka nyuzi 200 za Selsiasi, sekunde 60. Tisheti ni pamba tupu. Shida wino au mashine?

Jibu: Wala sio wino wala mashine mkuu, ni hiyo pamba. Wino wa sablimesheni ukipata joto unageuka mvuke unaingia ndani ya nyuzi za polyesta, kwenye pamba hauna pa kushika unakaa juu juu tu, ukifua unaondoka na maji. Tafuta polyesta 100%, tena nyeupe au rangi hafifu, maana wino huu hauna nyeupe na kwenye nyeusi hutaona kitu.

Jibu: Joto na muda wako viko poa. Ila kabla ya karatasi bana kitambaa kitupu sekunde chache unyevu utoke, halafu karatasi ishike kwa tepu ya joto (isiyoharibika kwa joto), ikiteleza kidogo tu wakati unafungua presi unapata kivuli pembeni ya herufi, inaudhi sana ile.

Muulizaji: Asanteni sana. Na kufua mteja nimwambieje?

Jibu: Aigeuze ndani nje, maji ya baridi, dawa ya kung'arisha asiguse. Pasi moto mdogo tena upande wa ndani, ikiwa kali sana wino unaweza kuamka ukahamia kwenye shuka la kupigia pasi.