Kikundi cha ukoo: "spring" ya Zuhura

Mama Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Zuhura karudi na daftari la Kiingereza limepigwa kosa. "Spring tide" kaandika "maji ya majira ya machipuko". Mimi kosa silioni.

Anko Fundi: Spring ni springi tu. Ile ya nyuma iliyokatika kwenye gari lako.

Mama Zuhura: Ambayo chenji yake bado sijaiona.

Anko Fundi: 🙈

Shangazi Leicester: Huku kwetu ni msimu, Machi mpaka Mei. Miti iliyokauka kama fagio inaanza kutoa majani. Jua likichungulia tu watu wanavua makoti, jioni wanatetemeka.

Zuhura: Shikamoo shangazi. Kamusi inasema ni chemchemi pia. Na kuruka! Neno moja hilo hilo.

Shangazi Leicester: Marahaba mwanangu. Asili yake ni kuchomoka. Maji yanachomoka ardhini, jani linachomoka mtini, springi ya anko wako ukiibana ukaiachia inachomoka. Zamani msimu wenyewe Waingereza waliuita "Lent". Jina hilo leo limebaki kwa Kwaresima tu.

Zuhura: Sasa si nilipatia? Maji ya msimu huo.

Babu Kombo: HIYO NI BAMVUA

Mama Zuhura: Baba, herufi kubwa hizo unatufokea 😂

Babu Kombo: SIJUI ZINAPOZIMWA. BAMVUA HAINA MACHIPUKO. NI KILA MWEZI MARA MBILI. MWEZI UKIANDAMA NA UKIWA MPEVU. JUA NA MWEZI VINAVUTA PAMOJA, MAJI YANAJAA SANA NA YANATOKA SANA. KATIKATI YAKE NDIYO MAJI MAFU, HAYAJAI SANA WALA HAYATOKI SANA

Zuhura: Kwa hiyo hata Agosti?

Babu Kombo: BIBI YAKO ANAPOKWENDA PWEZA KWA MIGUU MPAKA MWAMBA ULE WA MBALI, UNADHANI ANANGOJA MACHI

Shangazi Leicester: Hapo hata mimi nimesoma. Miaka yote hii nadhani ni ya msimu.

Anko Fundi: Maji yanachomoka. Ni springi ile ile, nilisema mimi.

Zuhura: Nimefuta, nimeandika bamvua. Lakini mwalimu wetu ni mtu wa bara, babu. Akinipiga kosa tena?

Babu Kombo: KESHO KUTWA MWEZI KUMI NA NNE. MWAMBIE AJE NA VIATU VYA KUKANYAGIA MIAMBA

Mama Zuhura: Fundi, na wewe njoo. Na chenji.