Nimemuuliza mtu ripoti kwenye grupu, sasa tawi zima limeninunia. Naombeni ushauri

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia watu sita: watatu niko nao Dar, watatu wako Dodoma. Kazi zetu zote zinapita kwenye grupu la WhatsApp. Jumatatu saa tatu usiku nilimwandikia dada mmoja wa Dodoma humo humo: "Ripoti iko wapi?" Akajibu "Sawa." Neno moja na nukta. Tangu hapo wa Dodoma wote wanasoma, tiki zinageuka bluu, hajibu mtu. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nifanyeje?

Mama Wawili:
Kaka yangu, ungemkuta mezani kwake ungeanza na "habari za asubuhi, watoto hawajambo?" ndipo uulize ripoti. Kwenye grupu umeruka yote hayo, tena usiku, tena mbele ya wenzake. Sauti yako hakuisikia, ameona maandishi tu. Mpigie. Usimrekodie ujumbe wa sauti, mpigie.

Fundi Mchundo:
Sisi saiti tumegawa. Vipimo, tarehe na hesabu lazima viandikwe, maana ya mdomo hupotea. Jambo linalomgusa mtu ni ana kwa ana au simu. Mkishaongea, andika mistari miwili ya mlichokubaliana.

Niko Mkoani:
Mimi ni mtu wa tawi, ngoja nikwambie. Swali lako ni dogo. Ninyi wa Dar mnakula pamoja mchana, mnazungumza, mnamaliza; sisi tunaletewa "tumeamua". Ukiona tumenyamaza, ujue tumezoea kwamba jibu letu halibadilishi kitu. Hata mkutano wa video, mnakaa watatu mbele ya kompyuta moja mnanong'onezana, huku hatusikii. Kila mmoja aingie kwa simu yake, hata mkiwa chumba kimoja.

Msafiri:
Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na ile ya haraka haimalizi saa nne njiani. Nenda mkuu, shinda nao.

Mleta uzi:
Nimempigia. Ripoti aliituma Ijumaa kwa barua pepe, mimi ndiye sikuifungua. Nimemwomba radhi, kisha nikaandika hivyo kwenye grupu, maana huko ndiko nilikomuulizia. Alhamisi nakwenda. Niko Mkoani, hilo la chakula cha mchana limeniingia, ila sijui nianzie wapi.

Niko Mkoani:
Anza na ratiba ya likizo za Desemba. Usije nayo imekamilika, ipangeni mkiwa hapo.