Nyumba za wajawazito nyanda za juu: nani anachora ramani hizi?

Wakuu, salamu baadaye.

Huku Uporoto, Makete na Njombe, Juni na Julai kuna asubuhi barafu inatanda shambani. Halafu nyumba ya kusubiria kujifungua inajengwa kama iko Tanga: bati tupu bila dari, matundu ya hewa kila ukuta. Usiku joto lote linapandia batini, alfajiri mvuke umegeuka maji na unadondokea vitandani. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi joto 25 hadi 28, maana kichanga aliyelowa hupoteza joto upesi mno. Hela zikipungua, dari ndiyo hukatwa kwanza. Rangi ya nje haikatwi, siku ya uzinduzi kuna picha.

Njoo kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Kitanda kimeelekezwa miguu mlangoni, na nje ya mlango huo ndipo lilipo benchi la wasindikizaji. Muuguzi akipita na beseni, korido nzima inamwona mama. Kugeuza kitanda ni bure! Kama taa au soketi inazuia, hamishia bawaba upande wa pili ili mlango ukifunguka ukinge kitanda. Dirishani weka kioo kisichoonyesha nusu ya chini, juu kioo safi mkunga apate mwanga. Siyo kanga na misumari.

Upana nao: mlango wa sentimita 90, ukitoa fremu unabaki 80 na kitu, na kitanda cha magurudumu kina 90 hivi. Mama anayevuja damu anahamishwa kitanda palepale mlangoni. Weka mabawa mawili, uwazi wa sentimita 120. Sakafu ikiinuka sentimita 50, njia ya mteremko inataka mita 6, yaani 1 kwa 12. Mnaweka mita 2, kisha watu wanne wanabeba.

Choo kiko ng'ambo ya uwanja, cha kuchuchumaa, hakuna hata bomba la kushikia, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

Jiko halimo kabisa kwenye ramani, kana kwamba mtu anasubiri wiki tatu bila kula. Bibi aliyemsindikiza anapikia barazani, moshi unaingia wodini. Likijengwa, bomba la moshi linaishia chini ya paa; lisipovuka kilele, upepo unaurudisha moshi ndani.

Si kwamba hayajulikani. Hapo Kasungu, Malawi, kijiji cha kusubiria kilichosanifiwa na MASS Design Group kilikamilika 2015: vyumba vya watu wachache kuzunguka nyua ndogo, badala ya bwalo moja la vitanda. London miaka ya 1980, wasanifu wanawake wa Matrix walitumia modeli, yaani jengo dogo la mfano, ili wanawake watakaolitumia jengo wapange na kupangua wenyewe.

Sisi hata modeli hatuhitaji. Kabla ya kuchimba msingi, chora jengo uwanjani kwa ukubwa wake: vigingi, kamba, chokaa. Leta kitanda cha wodi, mkunga wa zamu na wajawazito wawili. Wakisukume kutoka getini hadi chumbani, wakigeuze, waende chooni. Saa mbili hazifiki, na kufuta chokaa si sawa na kuvunja ukuta uliopigwa lipu.

Wahandisi mliomo humu: mara ya mwisho mkunga kuitwa saiti kabla ya zege ilikuwa lini? Tajeni jengo. "Tunazingatia" hatutaki.