"Kwani huyu anakimbilia wapi mpaka ahitaji breki?" Mbele ya mama mkwe wangu!!!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, vidole vinatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Simtaji maana mnamjua, yule fundi gari wa chini ya mwembe, ovaroli yake ina oili kuliko injini yangu.

Mwezi wa tatu huu breki za mbele zinalia kwiiiii, nikikanyaga tu mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Nikampelekea. Akachomoa tairi, akachukua msasa akasugua pedi, zile zinazobana diski tairi lisimame, kile kichuma kidogo cha pembeni akakikunja kwa plaizi, kelele kwisha, akala elfu 15 yangu, "vumbi tu hilo bosi". Kumbe kile kichuma kimewekwa makusudi, pedi ikikaribia kuisha kinagusa diski kinapiga kelele ili ujue! Yaani jamaa kamkaba jogoo ili kusikuche.

Leo nimemchukua mama mkwe stendi ya Mbezi, katoka Songea na tenga la kuku. Tunashuka Kimara sukani inacheza sebene, mara kwaruuuuu, chuma kwa chuma, daladala ya mbele ikasimama ghafla, tumekuja kusimama umebaki upenyo wa chapati. Kuku wakanyamaza. Mama mkwe akanyamaza. Nikanyoosha moja kwa moja mpaka kwake. Tairi kutoka, pedi imebaki bati tupu, diski ina mifereji unapanda mchicha. Namuuliza hii nini, anafuta mikono taratibu, hanitazami mimi, anamtazama mama mkwe, eti "kwani huyu anakimbilia wapi mpaka ahitaji breki?"

Vijana wa drafti wakamwaga kete. Na mama mkwe AKACHEKA.

Nakimbilia wapi?? Ahera ndo nilikokuwa nakimbilia, tena na abiria na kuku wake!

Kiporo cha Jana: Fundi yuko sahihi, kagari kenyewe IST, kanakimbiliaga wapi 😂

Baba Mapacha: Pole mkuu, ila na wewe miezi mitatu gari inakulilia unaongeza sauti ya redio. Pedi mpya ina kama milimita 10 hivi, ikifika 3 toa, rimu nyingi unachungulia tu kwa tochi ya simu. Na diski imeandikwa unene wake wa mwisho, ikishafika hapo usiipeleke kuchongwa, weka mpya, kushoto na kulia kwa pamoja.

Mleta uzi: Asante ila hoja sio milimita, hoja ni KASEMA NAKIMBILIA WAPI. Mbele ya mama mkwe!

Bi Mkubwa Tandika: Alicheka kwa sauti au kwa pua?

Mleta uzi: Kwa pua.

Bi Mkubwa Tandika: Basi umekwisha baba.

Shemeji wa Wote: Huyo huyo aliniuzia pedi eti orijino kutoka Japani, kufika nyumbani nasoma boksi, jina la kampuni limepungua herufi moja. Wiki mbili tu zikawa unga.

Kiporo cha Jana: Si ungeongezea sukari ukoroge uji.

Mdada Asiyelala: Nyie wa magari mna nafuu. Fundi cherehani wangu ana kitambaa changu cha sendofu tangu Januari, kila nikipiga "bado vifungo tu dada". Jumapili nimemkuta mkewe kanisani kakivaa. Na vifungo vipo.

Bi Mkubwa Tandika: Weeeee!! Ulimfanyaje??

Baba Mapacha: Mafundi cherehani ndo baba lao. Suti yangu ya harusi nilikata nayo keki ikiwa na pini mgongoni, picha zote nimenyooka kama mwanajeshi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye breki basi

Shemeji wa Wote: Mkuu usiharibu uzi wa watu. Dada endelea, kilimkaa lakini?