Mtoto katoka Makumbusho ya Majimaji ananiuliza "kwani walikuwa wajinga?" Naombeni ushauri

mama_wawili_njombe

Wakuu habari za jioni. Tulienda Songea msibani upande wa mume wangu, tulivyomaliza tukabaki na siku moja nikasema hebu niwapeleke watoto pale Makumbusho ya Majimaji, maana kila siku nawaambia babu zenu walipigana na Mjerumani na mimi mwenyewe sijawahi kuingia. Nina wa miaka 13 na wa miaka 9. Mkubwa alipiga picha zake za sanamu akamaliza. Huyu mdogo ndo ameniachia kazi.

Tulivyofika kwenye lile kaburi la pamoja tukaelezwa habari ya tarehe 27 Februari 1906, wale zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani wakafukiwa shimo moja, na Nduna Songea Mbano, yule kiongozi wa vita wa Wangoni, kaburi lake liko peke yake, na kwamba kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Mtoto alinishika mkono tu hakusema kitu. Usiku tumeshalala ananiambia mama, walijua kabisa wale wana bunduki, sasa mbona waliamini maji ya dawa yatageuza risasi kuwa maji, kwani walikuwa wajinga? Nikamjibu hizo ni imani za zamani, lala. Hapo hapo roho ikanisuta, maana hao ni babu zake wa damu. Kesho yake akauliza kichwa kiko wapi. Na ameshashtuka usingizini mara mbili. Baba yake anasema nimemuwahisha. Ningemjibu nini jamani?

mwl_wa_darasa_la_tano

Pole dada. Mimi nafundisha msingi na nimeshawapeleka watoto pale, hilo swali la ujinga huwa linakuja na sio swali baya, mtoto anaeuliza hivyo anafikiri. Kosa ni kwamba sisi wakubwa tunaanzia kwenye maji. Anzia kwenye pamba. Watu walikuwa wanalazimishwa kulima shamba la pamba la serikali, mashamba yao ya chakula yanabaki pori, malipo hakuna cha maana, na kodi juu. Julai 1905 Wamatumbi kule Nandete waling'oa mashina ya pamba, vita ikaanzia hapo. Mwambie ashike hilo kwanza, kwamba walikuwa na sababu.

Halafu muulize na wewe swali: Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro, Mngoni, lugha mbalimbali, wengine walishapigana wenyewe kwa wenyewe, utawafanyaje wasimame pamoja na hakuna simu wala redio? Yale maji ya dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe ndo yaliwaunganisha, ukishayapokea wewe na mwenzako wa mbali mmekula kiapo kimoja. Darasani kwangu hapo huwa wananyamaza kimya wanawaza. Lakini usimfiche upande wa pili, risasi hazikugeuka maji. Mwishoni mwa Agosti 1905 watu waliiendea boma ya Mahenge kifua wazi wakakutana na bunduki za rashasha wakafa wengi mno. Ukimpamba hapo akija kusoma mwenyewe sekondari hatakuamini tena kwenye mengine.

baba_k_morogoro

Mi natofautiana kidogo na mwalimu. Nilimpeleka wangu akiwa na miaka 7, nilijuta, mwezi mzima analala na taa inawaka. Watoto wadogo waonyeshe mikuki, ngao, sanamu, waambie hawa ni mashujaa inatosha, kaburi waje kuliona wakikua. Kwa sasa dada asilale peke yake, mlaze na mkubwa wake, na akishtuka usimkatize, mwache aseme alichoota hadi kiishe.

mwana_wa_ruvuma

Sisi tumekua tunapita hapo kila siku na kila Februari wazee wanafanya kumbukumbu, miaka 9 sio mdogo. Kinachomtisha ni kukatiziwa na "lala".

Kuhusu kichwa mwambie ukweli, bado kinatafutwa. Na mwambie kwamba mwaka 2023 mwezi wa 11 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja mwenyewe hapo hapo Songea, akakutana na ukoo wa Songea Mbano akaomba msamaha na akaahidi kusaidia kukitafuta. Miaka 117 baadae. Mtoto anajua maana ya kuomba msamaha, hilo atalielewa kuliko hata sisi.

dada_wa_mbagala

Jiandae na swali lingine, wa kwangu aliona picha ya askari akaniuliza mbona waliokuwa wanawapiga ni weusi kama sisi? Nilikosa pa kujificha. Nikamwambia ukweli, askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika, Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema, wengine walifata mshahara, wengine walishashindwa vita zao wakaingia humo. Akasema kwahiyo na wao walikuwa na mama. Nikamwambia ndiyo.

mama_wawili_njombe

Asanteni sana, mwalimu Mungu akubariki, nimemwelezea habari ya pamba akasikiliza hadi mwisho akasema kumbe walikuwa na njaa kabla ya vita.

Hilo neno njaa ndo likanikumbusha nikampigia mama mkwe nikaweka spika. Mama mkwe akamwambia mjukuu wangu, bibi yangu mimi alikuwa anasema bunduki haikumaliza watu kama ile njaa iliyofuata, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi ili watu wanyooke, watu wakawa wanachimba mizizi porini. Mtoto akamuuliza bibi, sasa mbegu za kupanda tena walizipata kwa nani? Mama mkwe akakaa kimya muda, akasema hilo sikuwahi kumuuliza.

Jana amelala usiku mzima. Ila leo asubuhi ameniuliza tena habari ya mbegu. Pale makumbusho nakumbuka silaha na sanamu, cha njaa sikukiona, labda tulipita haraka. Wenyeji wa Songea, kuna mzee au mahali naweza kumpeleka tukienda Desemba akaelezwa watu walianzaje tena kulima?