Mjadala: Twabishania waliobadili jinsia, wanaotolewa mbioni ni wengine

Mwanzisha mada, Majengo

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani na kahawa tungu yetu. Mmoja akatoa simu, akatuonyesha kipande cha video, na ubishi ukawaka: eti wanaume siku hizi wabadili jinsia, waenda kuwapokonya wanawake medali. Nikamwambia haya, nitajie mmoja. Akakuna kichwa, akasema, "Si yule wetu, Wambui."

Nikaweka kikombe chini.

Margaret Wambui hakubadili kitu. Alizaliwa akaandikwa msichana, akalelewa msichana, na mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio akatuletea shaba ya mita 800, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na Francine Niyonsaba wa Burundi. Mwaka 2018 shirikisho la riadha la dunia likatoa kanuni kwamba mwanamke ambaye mwili wake wenyewe watoa kwa wingi testosteroni, yaani homoni ya kiume, asikimbie kuanzia mita 400 hadi maili moja, mpaka aishushe chini ya nanomoli 5 kwa lita kwa miezi 6. Yaani mtu mzima asiyeumwa anywe dawa ili aruhusiwe kukimbia. Kanuni zikaanza kazi Mei 2019, na wote watatu wa jukwaa lile wakaachana na mita 800.

Kwa hivyo mada naiweka wazi, ila tuitenganishe kwanza, maana barazani tumeifanya mseto, mchele na choroko chungu kimoja. Kuna aliyezaliwa wa kiume, akabaleghe kiume, halafu akaishi kama mwanamke. Kuna na huntha, aliyezaliwa na maumbile yenye dalili za kike na za kiume. Sisi watu wa pwani neno hili hatukuletewa na mashirika. Vitabu vya fiqhi vina mlango wake, mirathi yake ni ipi na kwenye swala asimame safu gani. Hata sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu, 1,524.

Kwa yule wa kwanza msimamo wangu ni huu. Rekodi ya dunia ya mita 800 ya wanaume ni ya David Rudisha, 1:40.91. Ya wanawake ni 1:53.28, na imekaa tangu 1983. Juni 2025 Faith Kipyegon alijaribu kuvunja dakika 4 kwenye maili pale Paris. Alitengenezewa viatu na mavazi yake peke yake, na wanariadha wa kumkinga upepo walikuwa mbele na nyuma. Akamaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na kitu. Hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi ile, lakini mwanamume wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 alikuwa mwanafunzi wa udaktari Uingereza, mwaka 1954. Pengo hilo halitokani na mazoezi. Laletwa na balehe: urefu, upana wa mifupa, ukubwa wa moyo na mapafu. Homoni ikishushwa baadaye, damu hubadilika ndani ya miezi, misuli hupungua polepole na si yote, na kimo hakirudi nyuma. Kwa hiyo shirikisho lilipowafungia waliopitia balehe ya kiume mlango wa mashindano ya dunia ya wanawake, kuanzia 31 Machi 2023, sikulilaumu. Waogeleaji walishafanya hivyo Juni 2022.

Lakini msinijazie viwanja kwa majitu ya kufikirika. Laurel Hubbard, mnyanyua vyuma wa New Zealand aliyebadili jinsia, ambaye dunia nzima ilimpigia kelele kabla ya Tokyo, alipanda jukwaani akiwa na miaka 43, akajaribu kunyanyua mara tatu, mara tatu akashindwa, akaaga na kwenda zake.

Kwa yule wa pili moyo wangu haujatulia, na hapo ndipo nataka kuwasikia. Tangu 1 Septemba 2025 kila mwanamke anayetaka mashindano ya ngazi ya dunia lazima apimwe jeni iitwayo SRY, ile inayoanzisha maumbile ya kiume tumboni mwa mama, mara moja maishani, kwa pamba ya shavuni au kwa damu. Si jambo jipya. Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387, wakaonekana 8, na wote 8 wakaruhusiwa kushindana. Ikaonekana ni kazi ya kuumbua watu bure, ikaachwa 1999. Sasa imerudi. Andrew Sinclair, mwanasayansi aliyeigundua jeni hiyo mwaka 1990, amesema hadharani kwamba haifai kutumiwa hivyo. Je, twaikubali?

Kocha wa mchangani, Mtongwe

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini umemsahau mtu mmoja. Pale Rio, nyuma ya Wambui kwa sekunde 0.13, kulikuwa na Melissa Bishop wa Canada. Alikuwa wa nne. Naye ni mtoto wa mtu, naye aliamka alfajiri miaka na miaka. Huyo nani amlilie?

Mimi nafundisha wasichana. Najua nikiwachanganya na wavulana wa umri wao, baada ya miaka 14 hivi mpira wao hauonekani tena. Si kwamba hawajui. Wanasukumwa. Ndiyo maana kuna kitengo chao. Ukuta huo ukiujenga kwa huruma, utakuta kila mtu ana hadithi yake ya kusikitisha, na kila hadithi ni ya kweli. Pima, maliza, watu wakimbie.

Muuguzi, Kisauni

Mwanzisha mada, pole kukurekebisha. Umeandika kana kwamba kanuni zinamshika mwanamke yeyote mwenye testosteroni nyingi. Sivyo. Wako wanawake wengi tunaowaona kliniki, hedhi zinaruka, ndevu mbili tatu kidevuni, homoni imepanda kidogo kwa sababu ya vifuko kwenye ovari. Hao hawahusiki. Kanuni zilimlenga aliye na kromosomu za XY, tezi zake zatoa testosteroni kwa kiwango cha kiume, na mwili wake waisikia. Mwanamke wa kawaida hafiki 2, mwanamume huanzia kama 8 na kuendelea hadi zaidi ya 25. Pengo ni bahari, si mfereji. Na mwaka 2023 kiwango kilikazwa zaidi, kikawa 2.5 kwa miezi 24, mbio zote.

Ila nakubaliana nawe kuhusu jeni. Yuko msichana mwenye SRY ambaye mwili wake hauisikii testosteroni hata tone. Anavuta macho ya watu kwa uzuri, hana nguvu za ziada popote. Kanuni mpya zimemwekea mlango wa kutokea, sawa, lakini atafika mlangoni baada ya kuambiwa kwamba hana kizazi. Mwaka 1985 mkimbiaji wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alifeli kipimo kule Kobe, Japani. Akapoteza nafasi, akapoteza na mchumba, akarudishiwa haki yake 1988. Ndiye mwenye mwili wa namna hiyo hasa. Miaka 3 kwa mkimbiaji ni umri mzima.

Mimi ninapompa mtu majibu ya kipimo chochote kizito, namkalisha, nafunga mlango, namuuliza amekuja na nani. Huyu wa riadha atakalishwa na nani?

Kijana, Bamburi

Nacheka tu mnavyozungumza misuli. Mwaka 2023 mashindano ya wazi ya sataranji Nairobi, kijana wa chuo aliingia kitengo cha wanawake amevaa buibui na miwani, akashinda raundi kadhaa kimya kimya hadi wakamshtukia viatu. Yule hakubadili jinsia, alibadili nguo, alikuwa anatafuta pesa. Sasa niambieni, kwenye sataranji misuli iko wapi? Na mwaka huohuo shirikisho la sataranji la dunia nalo likawazuia waliobadili jinsia kwenye mashindano ya wanawake, eti mpaka litafakari. Kwa kukaa kwenye kiti?

Mwalimu wa madrasa, Kibokoni

Assalaam alaykum. Sataranji tuiache, ina mjadala wake. Nimeombwa niseme juu ya huntha. Wanazuoni walitazama alama, wakauliza wenye ujuzi, na jambo likatatuka pakawa na hukumu. Jambo moja hawakulifanya: kumtangaza. Aibu ya mtu husitiriwa. Nikisikia jina la binti linasomwa redioni pamoja na siri za mwili wake, najiuliza hawa waliopima walifunzwa adabu wapi.

Ama aliyebadili kwa hiari yake, sitaficha, mimi simhesabu mwanamke, mbioni wala msikitini. Lakini sitamtukana, na anayemrushia mawe asinitaje mimi kuwa ndiye niliyemtuma.

Asiyetaka kusema aishipo

Ustadh, nashukuru kwa hilo la mawe. Mimi ndiye mnayembishania. Medali sijawahi kuitaka. Mbio zangu ni za kuwahi matatu. Zamani nilikuwa nacheza voliboli ufukweni Jumapili, watu wa kawaida, hakuna mshindi wala zawadi, anayeshindwa ananunua madafu. Tangu video hizi zianze kuzunguka, naambiwa "nyinyi mnawaibia wanawake". Nimewaibia nini, madafu? Siendi tena.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe cheti cha Audrey Mbugua, mwenzangu aliyebadili jinsia. Niliposoma ile hukumu nililia. Nikadhani mambo yataendelea kufunguka. Kanuni za wakimbiaji wa dunia sina ugomvi nazo, wallahi, zinaweza kuwa na haki yake. Ugomvi wangu ni zinavyoteremka zikafika hadi kwetu mchangani.

Mwanzisha mada, Majengo

Muuguzi, nimekosolewa na nimekubali. Niliandika nusu. Na hiyo nusu niliyoiacha yampa Kocha nguvu, sitajifanya sikuiona.

Kocha, Melissa Bishop sikumsahau, nilimkwepa. Ni kweli alidhulumika kwa hesabu zako. Lakini tazama aliyelipa. Waliotunga kanuni wanakaa Monaco. Aliyeambiwa achague kati ya dawa na mbio ni binti wa kijijini ambaye alisajiliwa na watu haohao, akavalishwa jezi na watu haohao, na waliokuwa wakimpigia makofi leo wanamtaja barazani kama mwanamume. Mwaka 2019, kwenye kesi ya Semenya, mahakama ya michezo ilikiri yenyewe kwamba kanuni zinabagua, kisha ikasema ubaguzi huo ni wa lazima. Majaji wawili dhidi ya mmoja. Semenya akapanda ngazi hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Julai 2025 akaambiwa kwamba kule Uswisi kesi yake haikusikilizwa kwa haki. Juu ya kanuni zenyewe, wakanyamaza. Miaka yote ile, na ujana wa mkimbiaji umekwisha.

Wambui mwenyewe mwaka 2021 alipendekeza kitengo cha tatu. Nilikipenda nilipokisikia. Halafu waogeleaji wakakijaribu, wakafungua kitengo cha wote pale Berlin mwaka 2023, na hakujiandikisha hata mmoja. Sishangai. Msichana gani wa Ganze atasimama kwenye mstari ambao maana yake pekee ni kutangaza alivyoumbwa?

Kwa hiyo nikisukumwa sana nitasema: ngazi ya dunia wapime, kwa mlango uliofungwa, kwa gharama yao, na daktari awepo wa kumfuata hata akishaacha mbio. Chini ya hapo, shuleni na mchangani, mikono mbali. Maana nimeona inavyoteremka. Michezo ya shule, si miaka mingi, timu moja imefungwa mabao manne na beki mrefu mwenye sauti nzito ndiye aliyewatesa. Mzazi wa waliofungwa akamwita refa, akasema yule akaguliwe. Miaka 14 yule. Mwalimu wa kike akamshika mkono, wakaenda chooni, uwanja mzima unatazama mlango. Wakarudi baada ya dakika tano, mwalimu akasema "ni msichana", refa akapuliza kipenga mechi iendelee. Yule beki akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka kwa lango la nyuma. Timu yake ikamaliza na wachezaji kumi.

Kocha wa mchangani, Mtongwe

La chooni hapana. Hapo sina ubishi, na mzazi kama huyo kwangu hakanyagi mstari. La Rio bado sijakubali. Niko foleni ya feri, simu inaishiwa chaji, nitakurudia kesho.