Tupeane uzoefu: Kudai fidia ya bima baada ya moto wa nyika kuteketeza nyumba

Mtoa Mada: Wakuu, salamu. Jana niliona picha za watu wakichambua majivu kwa mikono mitupu baada ya moto wa nyika, nikakumbuka yaliyotupata sisi. Moto wenyewe ulipita usiku mmoja, lakini madai ya bima yalikaa nasi hadi watoto wakazoea kutuona mezani na makaratasi. Walioungua, walionusurika ila nyumba zikajaa moshi, na waliowahi kufanya kazi upande wa bima, naomba tupeane uzoefu. Nini kilikusaidia, na nini kilikukwamisha? Kwetu kilichosumbua kuliko vyote ni orodha ya vitu vya ndani.

Shangazi Rehema: Umenigusa penyewe. Kampuni yetu ililipa jengo bila ubishi mkubwa, lakini kwa vyombo ilitaka kila kitu kiandikwe: jina lake, umri wake, kilinunuliwa wapi na kingegharimu kiasi gani kukinunua kipya leo. Nilianza na vitu vikubwa, yaani vitanda, jokofu na televisheni, nikamaliza sebule kwa mistari michache, nikajiuliza kumbe tulikuwa na vitu vichache kiasi hiki. Binti yangu akaniambia, "Mama, simama mlangoni kwa mawazo, kisha ufungue droo moja baada ya nyingine." Hapo ndipo vilipoanza kutoka: mapazia pamoja na fimbo zake, pasi, mikasi, chaja, miwani ya akiba, mashuka ya wageni, dawa za kabatini. Kila nilichokiandika nilikiona mahali pake, kisha nikakipoteza upya. Usiku mmoja niliamka kwa sababu nilikumbuka cherehani ya marehemu mama, ambayo kwa hesabu ya bima, baada ya kuondoa uchakavu, haikufikia hata thamani ya viatu nilivyokuwa nimevaa. Kijana wa kitengo cha madai akaniuliza kama ninayo risiti yake. Risiti ya cherehani iliyonizidi umri, kutoka ndani ya nyumba ambayo hata fremu za madirisha ya alumini zilikuwa zimeyeyuka na kuganda sakafuni! Kilichotuokoa ni picha za watu wengine. Ndugu waliokuja kwenye sherehe zetu walikuwa wamepigana picha mbele ya makabati, na nyuma ya vichwa vyao tukaiona redio, zulia, saa ya ukutani na hiyo cherehani. Ombeni picha kwa kila aliyewahi kuingia kwenu, kisha mtafute taarifa za benki na barua pepe za manunuzi ya zamani.

Kikata Kucha: Kweli tupu, Shangazi. Mimi nililipita gari bila chozi, nikaja kulia kwa ajili ya kikata kucha.

Mstaafu wa Madai: Niruhusuni nimtetee kidogo yule kijana, maana niliketi kwenye kiti chake kwa miaka mingi. Mikataba haifanani. Kuna inayolipa thamani ya kitu siku kilipoungua, yaani bei yake baada ya kuondoa uchakavu, na kuna inayolipa gharama ya kukinunua kipya. Hata hii ya pili, mara nyingi kampuni hutanguliza ile thamani ndogo, na kiasi kilichobaki hukipata ukishanunua kitu na kupeleka risiti kabla ya muda uliowekwa kwenye mkataba. Wengi hupokea malipo ya kwanza, wakadhani ndiyo yote, wakaliacha faili lifungwe. Jambo la pili ni kima cha bima kisichotosha. Chukulia nyumba ambayo kuijenga upya kunahitaji 100 nawe umeikatia 60, halafu ikapata hasara ya 50. Chini ya mkataba wenye sharti la uwiano utalipwa 30, yaani 60 kwa 100 ya hasara, kwa kuwa ndiyo sehemu ya nyumba uliyoikatia bima, ingawa hasara yenyewe haijavuka kima chako.

Mbishi wa Haki: Mkuu, hesabu hiyo ndiyo inayotumika kuwanyima watu haki. Ada mnapokea kila mwaka bila kuuliza kama kima kinatosha, na siku ya moto ndipo mnakumbuka kupima nyumba.

Mstaafu wa Madai: Ndugu yangu, ada niliacha kupokea nilipostaafu. Kuhusu kutouliza kama kima kinatosha, sina cha kukupinga.

Mlango wa Nyuma: Sikukusudia kuandika, lakini mada imenivuta. Miezi michache kabla ya moto tulikuwa tumeongeza vyumba, na wakala mwenyewe akatushauri tupandishe kima cha bima ili kilingane na gharama za kujenga upya. Moto ulipopita, nyumba za kulia na kushoto zilibaki zimesimama, yetu ya katikati ikawa jivu. Kampuni ilimleta mtu ambaye tulidhani ni mkadiriaji wa hasara, kumbe ni mpelelezi. Alikuwa mpole sana. Aliuliza habari za madeni yetu, nani alikuwa na funguo, na kwa nini gari lilikuwa limepakiwa mizigo tangu mchana. Lilipakiwa kwa sababu mamlaka ilitutangazia tujiandae kuhama! Mume wangu alisimama akitaka kumfukuza, nikamshika shati. Baada ya hapo simu zetu hazikujibiwa, huku benki ikiendelea kudai marejesho ya mkopo wa nyumba isiyokuwepo, na watu tuliokuwa tukisali nao wakiuliza maswali ambayo mtu hamuulizi aliyefiwa na nyumba. Tulinusurika kwa mambo mawili. La kwanza ni ripoti ya zimamoto, iliyoeleza kwamba cheche hutangulia mbele ya moto wenyewe, pengine kwa zaidi ya kilomita moja, kwamba ziliingia kwenye matundu ya hewa chini ya paa, na kwamba nyumba moja kuungua huku ya jirani ikipona ni jambo la kawaida katika moto wa nyika. La pili ni video ya jirani tuliyekuwa hatusalimiani naye. Kamera ya lango lake ilikuwa imenasa paa letu likianza kutoa moshi muda mrefu baada ya sisi kuondoka. Aliileta mwenyewe. Kampuni ililipa, na hadi leo haijaomba radhi.

Binti Msafiri: Nimesoma huku nimesahau nilichokuja kuandika. Dada, mlisalimiana baada ya hapo?

Mlango wa Nyuma: Tunasalimiana. Kuhusu mpaka wa ua bado tunagombana.

Mbishi wa Haki: Na yule mpelelezi mlimshtaki?

Mlango wa Nyuma: Kwa kosa gani, kaka? La kuuliza kwa upole?

Jirani wa Moshi: Tusiwasahau ambao nyumba zilibaki. Kila mtu alitupongeza, nasi tulikuwa tukilala kwenye harufu. Mkadiriaji alizunguka dakika chache, akaandika "usafi wa kuta." Joto lilipopanda harufu ilirudi, kwa sababu masizi yalikuwa kwenye mifereji ya kiyoyozi na kwenye pamba ya kuzuia joto iliyo juu ya dari, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Tulidai kipimo cha maabara cha masizi hayo, na baada ya majibu ndipo wakakubali kubadilisha pamba yote. Ushauri wangu ni kwamba usiguse wala kusafisha chochote kabla mkadiriaji hajafika.

Fundi Paa: Hapo natofautiana nawe. Mikataba mingi inamtaka mwenye mali azuie hasara isiongezeke. Ukiacha tundu la paa wazi hadi mvua iingie, utaambiwa maji ni uzembe wako. Piga picha kila pembe, funika kwa turubai, tunza risiti ya turubai, na kile kilichoharibika ukiweke kando bila kukitupa.

Jirani wa Moshi: Nilizungumzia kusafisha, sikuzungumzia turubai.

Kikata Kucha: Na sefu msiifungue ikiwa ya moto. Shemeji yangu alivumilia hadi asubuhi tu. Alipovuta mlango hewa ikaingia, na hati zilizokuwa zimekaushwa na joto bila kuwaka zikawaka mbele ya macho yake. Mkadiriaji aliandika kwenye fomu "hasara ya pili."

Binti Msafiri: Nimekumbuka nilichokuja kusema. Wapangaji, bima ya mwenye nyumba hailipi vitanda vyenu. Pia majivu ya nyumba si majivu ya kuni, kwani yanaweza kuwa na vitu hatari kama madini ya risasi, aseniki na asbesto, hasa katika majengo ya zamani. Vaeni barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za vumbi, glavu na viatu vilivyofunika mguu, na watoto wasiletwe kabisa.

Bondeni: Wenye nyumba zilizopona chini ya miteremko nao wasilale. Mimea ikiungua, ardhi hushindwa kunyonya maji, na mvua kubwa ya kwanza hushuka na matope. Moto ulioitwa Thomas ulichoma milima iliyo juu ya mji wa Montecito, California, mwezi Desemba 2017, na tarehe 9 Januari 2018 matope yaliua watu 23. Bima nyingi za nyumba haziingizi mafuriko wala maporomoko, lakini kamishna wa bima wa jimbo hilo alizikumbusha kampuni kwamba, ikiwa moto ndio chanzo hasa cha maporomoko, kinga ya moto inahusika.

Mbishi wa Haki: Hiyo ni California. Kwingine utaambiwa tope ni tope.

Mstaafu wa Madai: Ndiyo maana unauliza kwa maandishi kabla mvua haijanyesha, na unadai jibu kwa maandishi. Vilevile, mkipewa hati ya kukubali malipo kuwa ya mwisho, msiitie saini mkiwa bado mnavumbua hasara. Mnaweza kuomba malipo ya awali kwa sehemu isiyobishaniwa.

Mgeni Leo: Habarini wakubwa. Hundi yangu ya jengo imeandikwa majina mawili, langu na la benki yenye rehani. Je, ni wizi?

Mstaafu wa Madai: Hapana, ndugu. Nyumba ni dhamana ya benki, hivyo kwa kawaida nayo huandikwa, na fedha huachiliwa kwa awamu kadiri mkaguzi wao anavyoona ujenzi ukipanda. Waulize mapema awamu ya kwanza inatoka lini, kwa sababu mkandarasi hataanza kazi bila kuona kitu mkononi.

Kikata Kucha: Wangu alikiona hicho kitu mkononi. Bado namtafuta.